Kutoka volti 12 za sola hadi volti 180: chakula cha lampi za niksi



Tangu niweke hapa picha ya saa yangu ya lampi, swali moja limerudi mara nyingi: hiyo saa inakula umeme wa wapi, na huku Masisi na Walikale wengi wetu tunaishi na paneli moja na batri moja? Swali ni zuri kuliko picha yenyewe. Nitajibu kwa urefu kidogo, sababu ndani ya jibu mna karibu yote tuliyoyakariri kwa mitihani bila kuyashika mukononi. Na pia sababu jibu hilo, ukilifuata vibaya, linaweza kuua mutu.

Lampi ya niksi ni kichupa cha kioo chenye gesi ya neoni. Ndani mna tarakimu kumi za chuma chembamba, 0 mpaka 9, zimepangwa moja nyuma ya ingine, na karibu nazo wavu. Wavu unaenda kwenye plasi, tarakimu unayotaka inaenda kwenye minasi, na gesi inayoizunguka inawaka rangi ya kaa la makala usiku. Hakuna uzi unaochomeka kama ndani ya ampuli za zamani. Kampuni ya Burroughs ya Marekani ilianza kuziuza mwaka 1955. LED zikaja kuzifukuza miaka ya 1970. Leo wengi wananunua zile zilizobaki katika magodauni ya iliyokuwa Muungano wa Kisovieti, hasa IN-12 na IN-14. Mimi niko na IN-14 nne.

Shida iko hapa. Gesi haipitishi umeme mpaka uilazimishe. IN-14 inaomba karibu volti 170 ili iwake, na ikishawaka inabaki na kama volti 140 kati ya wavu na tarakimu. Lakini haili mingi: miliampere 2,5 tu. Lampi nne ni miliampere 10. Zidisha kwa volti 180, unapata wati 1,8. Ni kidogo kuliko ampuli ndogo ya LED. Kwa hiyo hatukosi nguvu, tunakosa kimo. Batri iko na volti 12, na tunataka kuzipandisha mara kumi na tano.

Wengine watasema: nunua inveta ya volti 220, umalize. Inawezekana, lakini inveta ya bei rahisi inaweza kula wati kadhaa hata kama haulishi kitu, kwa saa ya wati mbili. Ni kama kuwasha grupu kwa kuchaji telefone moja.

Njia ninayoipenda inatumia bobini moja, tranzistori moja, diodi moja na kondensateri moja. Fikirieni mutu wa tshukudu aliyepakia makala. Anaisukuma taratibu, hatua nyingi, mpaka inashika mwendo. Sasa tshukudu igonge jiwe na isimame mara moja. Nguvu ya kugonga ile inapita mbali nguvu ya kusukuma, ingawa hakuna aliyeongeza kitu: mwendo uliokusanywa kwa muda mrefu umetolewa kwa muda mfupi. Bobini njo vile inafanya. Tranzistori ikifunga njia, volti 12 zinasukuma mkondo ndani ya bobini, nao unapanda polepole. Tranzistori ikifungua ghafla, mkondo haukubali kusimama. Bobini inapandisha volti yenyewe mpaka ipate pa kupitia, na pa kupitia ni diodi tu, kuelekea kondensateri ya volti 180.

Hesabu yake ni ya kupendeza. Nimechagua bobini ya mikrohenri 100, na kukata mara 50.000 kwa sekunde, maana kila duru ni mikrosekunde 20. Nikikubali kwamba robo ya nguvu itapotea kama joto, batri inapaswa kutoa wati 2,4. Kila duru inabeba nishati ya nusu ya L mara mkondo kipeo cha pili. Gawanya, na kilele cha mkondo kinatoka karibu ampere 1. Kufika ampere 1 kwa kusukumwa na volti 12, bobini inahitaji kama mikrosekunde 8. Kuushusha mkondo huo dhidi ya volti 168, yaani 180 kutoa 12, inatosha mikrosekunde 0,6. Gawanya 168 kwa 12: ni 14. Gawanya 8 na kitu kwa 0,6: tena kama 14. Volti mara muda wa kusukuma ni sawasawa na volti mara muda wa kugonga. Sijui kama kuna mstari mwingine wa fizikia unaoniridhisha zaidi ya huo. Na muda unaobaki kwa kila duru, mikrosekunde kumi na moja hivi, bobini inapumzika.

Wa kuongoza mchezo huo ni kadudu kamoja ka miguu minane, MC34063. Hakuna haja ya kukaagiza mbali. Fungueni chaja za gari, zile za kuchomeka pa kuwashia sigara, hasa za bei ya chini zilizokufa: mara nyingi kamo. Tranzistori yake ya ndani inavumilia volti 40 tu, kwa hiyo mimi ninaweka ya nje, IRF740 ya volti 400, inayotoka kwa televizio za zamani. Hapa fundi wengi wanashangaa kwa nini tranzistori yao inachoma vidole. Sababu: MC34063 inajua kupandisha geti lakini haijui kulishusha. Ukiweka rezistansi ya kilo-ohm moja kulishusha, geti la IRF740 litachukua zaidi ya mikrosekunde moja kufunga, na sisi tukio letu lote la kugonga ni 0,6. Ongezeni tranzistori ndogo ya PNP kati yao, BC327 kwa mfano, ivute geti chini mara moja. Ni kitu cha senti chache, na joto linaisha.

Diodi isiwe 1N4007. Ni nzuri kwa umeme wa mara 50 kwa sekunde, lakini kwa mara 50.000 inachelewa kufunga mlango na chaji inarudi nyuma. Tafuteni UF4004 au UF4007. Kondensateri ya volti 400, ya mikrofaradi kama 4,7, iko ndani ya ampuli ekonomiki zilizokufa, zile za mrija uliojikunja; chagueni ambayo kichwa chake hakijavimba. Na bobini isiwe kama uzi wa nywele. Ikizidiwa na mkondo, feriti inajaa, inaacha kuwa bobini na inabaki waya tu. Rezistansi ya ohm 0,27 kwenye mguu wa 7 wa kadudu inazuia mkondo usipite ampere 1,1, maana kanakata kikiona volti 0,3 hapo.

Kupanga volti ya mwisho ni rezistansi mbili: kilo-ohm 680 juu, kilo-ohm 4,7 chini. Kadudu kanalinganisha na volti 1,25 yake ya ndani, na inatoka 182. Kila lampi inapewa rezistansi yake ya kilo-ohm 18: volti 42 zinazobaki zikigawanywa kwa hiyo, ni miliampere 2,3. Lampi itaishi.

Sasa nigeukie kitu ambacho kinanigusa kwa sababu ya kwetu. Kuna mutu alipendekeza: Rubaya iko hapa, koltani inatoka hapa, si tuweke kondensateri za tantalum upande wa volti kubwa? Hapana. Na sababu yake ni ile ile inayofanya koltani itafutwe hivyo. Ndani ya kondensateri ya tantalum, kinachotenganisha plasi na minasi ni ngozi ya oksidi nyembamba kupita kiasi, karibu nanometa 2 kwa kila volti ya kuiunda. Wembamba huo unaipa uwezo wa kubeba chaji nyingi katika umbo la punje ya mchele, njo maana imejaa ndani ya vyombo vidogo. Lakini ngozi nyembamba haisimami mbele ya volti 180. Zile za kawaida zinaishia kama volti 50, na ikipasuka haifi kimya: inawaka moto. Kwa hiyo kwenye saa yangu tantalum inakaa upande wa volti 5, karibu na kidhibiti kinachohesabu sekunde, na nimechagua ya volti 16 ili isibanwe. Upande wa volti kubwa ni aluminiamu.

Walikale wao wako kila mahali. Kila kiungo cha kulehemu ni bati, na kasiterite ya Bisie peke yake ni karibu asilimia 6 ya bati ya dunia. Mnakumbuka Machi 2025, vita ilipofika Walikale-centre mgodi ukafunga kwa muda, na bei ya bati ikapanda mpaka London. Rubaya nayo iko chini ya M23 tangu Aprili 2024. Madini yanapita hapa ndani ya mifuko, yanazunguka dunia, yanarudi ndani ya chaja iliyokufa tunayoitupa nyuma ya nyumba. Mimi ninaokota chaja.

Turudi kwa usalama, na hapa ninaomba msisome haraka. Wengi wanasema: ni miliampere 10 tu, itakutekenya. Si kweli. Mtambo huu hautoi mkondo uleule kila wakati. Unatoa karibu nguvu ileile. Ukiushika kwa mikono miwili yenye jasho, mwili ukawa na ohm 1.500 hivi, volti itaanguka hadi kama 55, lakini mkondo utapanda kupita miliampere 35. Na unapita kifuani. Mkono mmoja ubaki mfukoni wakati chombo kinawaka, watoto wawe mbali, na sanduku lifungwe kabla saa haijapelekwa sebuleni.

Ile rezistansi ya kilo-ohm 680 ilehemuni mkaihakikishe mara mbili. Ikiachia, kadudu kanaona volti sifuri, kanafikiri kazi haijaanza, na kanaendelea kusukuma mpaka tranzistori au kondensateri ipasuke. Vaeni miwani siku ya kwanza. Uzuri ni kwamba rezistansi hizo mbili zinamaliza pia chaji ukichomoa batri: kwa mikrofaradi 4,7 sekunde ishirini zinatosha. Lakini pimeni kwa multimetri kila mara, sababu macho hayaoni volti.

Na unyevu. Ukungu wa milima ya Masisi na moshi wa makala vinaacha ngozi inayopitisha umeme kidogo juu ya kibao. Futeni mabaki ya suduri kwa alkoholi, na acheni milimita 3 kati ya njia ya volti kubwa na zingine.

Kabla ya kuhatarisha lampi zenyewe, jaribuni bila lampi. Unganisheni rezistansi nne za kilo-ohm 4,7, za nusu wati, moja nyuma ya ingine: zitakula miliampere karibu 10, sawa na lampi nne. Washeni dakika kumi. Volti ibaki kati ya 175 na 185 na multimetri isiyumbe. Batri itoe kama ampere 0,2. Ikitoa 0,4, tafuteni joto: kwanza geti, halafu diodi, halafu bobini. Zimeni, hesabuni ishirini, pimeni, ndipo mguse. Na kwa batri ya ampere-saa 7, mkitumia nusu yake tu ili isife mapema, saa itawaka kama masaa 17. Yaani kutoka jua linapozama mpaka asubuhi, na bado inabaki ya kuchaji telefone.