MELI ZILIZOTEMBEA KWA MIGUU



Katika historia tunasoma kwamba meli za mvuke zilipanda mto Kongo kabla ya kuwa na reli. Lakini kati ya Matadi na Kinshasa kuna maporomoko mengi, na hakuna meli inayoweza kuyapanda. Basi, zile meli za chuma zilifika juu namna gani? Tutajaribu kueleza.

Tuanze na ufundi wenyewe. Wazee wetu walichimba mtumbwi katika gogo moja. Mtumbwi hauna kiungo, ni kitu kimoja, lakini hauwezi kupita ukubwa wa mti wake. Mtu akitaka chombo kikubwa zaidi, lazima aunge mbao: analaza mti mrefu chini sawa uti wa mgongo, anasimamisha mbavu, kisha anafunika mbavu kwa mbao. Karne nyingi meli zilivuka bahari namna hiyo. Katika karne ya 19 mafundi wakaweka chuma pahali pa mbao. Mwaka wa 1843, kule Bristol, Uingereza, waliingiza majini meli kubwa ya Brunel iliyoitwa Great Britain: mwili wa chuma, mashini ya mvuke na helisi nyuma.

Wengine watauliza: chuma ni kizito, kinaelea juu ya nini? Mujaribu jikoni. Kipande cha chuma kinazama mara moja, lakini sahani ya chuma inaelea. Sahani ina nafasi ndani, na inasukuma maji pembeni. Kama maji yanayosukumwa yanafikia uzito wa sahani pamoja na mzigo wake, haizami. Meli njo sahani kubwa, basi.

Chuma kilileta faida nyingine tena. Mabamba yakifungwa kwa buloni, yanaweza kufunguliwa na kufungwa upya. Hii njo siri ya meli za kwetu.

Mwaka wa 1882 kiwanda cha Thornycroft, karibu na London, kilitengeneza meli Peace, maana yake Amani, kwa ajili ya George Grenfell, misionari wa Kibatisti. Ilikuwa na urefu wa meta 21, na chini yake ilizama karibu sentimeta 30 tu, juu ya mchanga mwingi wa mto. Waliijaribu majini kule Uingereza, kisha wakaifungua yote, wakapata mizigo 800, kila mmoja karibu kilo 30. Kilo 30 ni mzigo wa mtu mmoja. Tupige hesabu: 800 mara 30 ni kilo 24.000, ni kusema tani 24. Kwa sehemu kubwa ya njia, vitu hivyo vilikwenda kichwani na mabegani mwa watu, wakipanda vilima na kuvuka mito mpaka Stanley Pool, inayoitwa leo Pool Malebo. Kama bamba moja lingepotea njiani, kungekuwa na tundu katika meli!

Mafundi waliotumwa kutoka Uingereza kumsaidia Grenfell walikufa. Yeye mwenyewe, aliyejifunza kazi ya mashini katika ujana wake, akaiunga pamoja na wasaidizi Waafrika. Mwezi wa 6 mwaka wa 1884 Peace iliingia majini, na mbele ya mwaka kwisha ikafika Stanley Falls, ni Kisangani ya leo.

Reli ya Matadi ilimalizika mwaka wa 1898, nayo ilikula maisha ya wafanyakazi wengi sana. Kisha reli ikachukua kazi ya mabega. Vilevile ku ziwa Tanganyika: Wadachi walitengeneza Graf von Götzen kule Papenburg mwaka wa 1913, meli ya meta 71 hivi, wakaifungua, wakaipeleka katika masanduku mpaka Dar es Salaam, halafu Kigoma. Iliingia majini mwezi wa 2 mwaka wa 1915. Mwaka wa 1916, wakikimbia, Wadachi wenyewe waliizamisha, lakini kwanza wakapaka mashini mafuta mazito ili isiote kutu. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka wa 1924, na mwaka wa 1927 ikaanza kazi tena kwa jina la Liemba. Mwaka wa 1997 ile meli ilirudisha wakimbizi wengi hapa Kongo.

Basi wandugu, tukiulizwa katika mtihani ni nani aliyetengeneza Peace, tutajibu Thornycroft, na tutapata pointi. Jibu ni kweli, lakini halijatimia. Bila wale wabebaji, ingebaki rundo la vyuma pale Matadi. Majina yao hayamo katika vitabu vyetu. Tusiwasahau katika hesabu: mizigo 800, na chini ya kila mzigo, mtu.