Nzi, DNA na Siku ya Kifo Katika Nyanda za Chai

Mwili ukipatikana Kericho, tuseme katika mikaratusi inayopandwa kwa kuni za viwanda vya chai, mpelelezi huuliza kwanza: alikufa lini? Siku tatu hivi zikishapita, ubaridi na ukakamavu wa maiti havisemi mengi tena. Funza ndio husema. Nzi wa kijani hufika mapema, mara nyingi ndani ya saa chache, na kutaga puani, mdomoni na kwenye majeraha. Umri wa buu aliyekomaa kuliko wenzake hutupa muda wa chini kabisa uliopita tangu kifo.

Umri huo haukokotolewi bila kumjua nzi mwenyewe, kwani kila aina hukua kwa kasi yake. Chini ya hadubini, mkiani mwa buu huonekana matundu ya kupumulia: yakiwa na mipasuo miwili, buu yuko hatua ya pili; yakiwa na mitatu, yuko hatua ya tatu. Hatua utaijua, ila aina yake inaweza kukutatiza. Chrysomya putoria, nzi wa vyooni, na nduguye Chrysomya chloropyga, wote wa Afrika, wamewachanganya hata mabingwa. Putoria alivuka Atlantiki akaingia Brazil miaka ya 1970. Jenomu ya mitokondria yake ilipochapishwa mwaka 2004, herufi 15,837 za DNA, makala yenyewe ilimwita chloropyga.

Kwa nini mitokondria? Kila seli ina nakala nyingi za DNA hiyo, mamia hata maelfu, hivyo hata ganda kavu aliloliacha nzi linaweza kutoa kipande kinachosomeka. Ni duara dogo la jeni 37, linalorithiwa kwa mama. Maabara nyingi husoma sehemu tu ya jeni ya COI, herufi 650 hivi, na kwa aina zilizotengana zamani hiyo yatosha. Kwa ndugu wa karibu tofauti ni haba, na hapo kusoma duara zima huleta ushahidi zaidi. Mkusanyaji naye asiharakishe: mabuu huchovywa kwenye maji ya moto, kisha hutiwa kwenye ethanoli. Sampuli ya nzi hukatwa mbali na utumbo, maana humo mna nyama ya marehemu, ambayo nayo inaweza kusaidia kumtambua.

Hata hivyo jenomu hutaja jina tu, haihesabu siku. Kericho mjini, mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, wastani wa joto ni nyuzi 17 hivi. Kisumu ni kama 23. Buu wa aina ile ile huchelewa sana Kericho. Ukimpima kwa majedwali ya penye joto, utahesabu siku chache kuliko zilizopita kweli, na aliyekuwa na marehemu siku ya kifo anaweza kuonekana hana hatia. Kwa hiyo naamini fedha za kusoma jenomu ziende pamoja na za kufuga nzi wa hapa hapa, katika baridi ya Kericho na tena katika joto la Chepalungu, huko Bomet, kila yai likiandikiwa saa lilipotagwa na saa nzi alipotoka kwenye ganda.