Taa Iliyopasuka Ikaendelea Kuwaka

Mafundi wa kuchomelea wanayajua maumivu haya: jioni umerudi nyumbani mzima, usiku wa manane unaamka macho yanachoma kama yamemwagiwa mchanga. Ajabu ni pale seremala au fundi gari anapoamka na hali hiyohiyo ilhali hajagusa mashine ya kuchomelea. Kabla ya kulaumu vumbi, na aichunguze taa iliyo darini. Aizime kwanza.

Taa kubwa za karakana za metali halaidi ni kioo ndani ya kioo. Ndani ya glopu kuna kichupa cha kwatzi au kauri chenye zebaki, gesi ya agoni na chumvi za metali. Umeme ukipita humo hutoa mwanga mkali pamoja na mionzi ya urujuanimno, na glopu ya nje ndiyo inayoizuia mionzi hiyo. Glopu ikipasuka, kichupa huweza kuendelea kuwaka kana kwamba hakuna kilichotokea, huku kikiunguza ngozi na konea, ule utando wa mbele ya jicho. Maumivu huja saa kadhaa baadaye, ndiyo maana taa haishukiwi. Usiyasugue macho, nenda hospitali.

Sheria ya Marekani huzigawa taa hizi kwa herufi. Yenye T hujizima ndani ya dakika 15 glopu ikivunjika kabisa. Yenye R haijizimi. Mnunuzi na aisome herufi hiyo, ingawa ufa mdogo huenda usiizime hata ile ya T.

Sasa nyaya. Taa hii haiungwi moja kwa moja kwenye umeme, maana ikishawaka huvuta mkondo bila kikomo hadi ijiharibu. Balasti ndiyo breki yake, nayo lazima ilingane na taa kwa aina na kwa wati: ya 250 haibebi 400. Katika taa nyingi, kuiwasha ni kazi ya ignaita, inayorusha mapigo ya volti 3,000 hadi 5,000. Kwa hiyo soketi na waya unaotoka kwenye ignaita viwe vya kuhimili kiasi hicho, na kava la chuma liungwe ethi.

Hapa ndipo watu hudanganyika. Umeme ukikatika na kurudi, taa ya moto haiwaki mpaka ipoe, dakika 10 au 15. Mtu huona imekufa, anapanda ngazi kuifungua, kumbe ignaita bado inapiga. Katika taa hii, giza si dalili ya usalama. Hata ukizima swichi, kapasita iliyo pamoja na balasti hubaki na chaji kwa muda. Fundi umeme huipima kwanza.

Kuna pia hila ya macho. Kwa umeme wa hezi 50, taa yenye balasti ya sumaku hupepesa mara 100 kwa sekunde. Mashine ya kukereza yenye kishikizi cha taya nne, ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, hukutwa na kila mpepeso taya zikiwa palepale, ikaonekana imesimama. Mkono ukifuata jicho, vidole vinaondoka. Mwenye fezi tatu agawe taa zinazomulika mashine moja kwenye fezi tofauti. Mwenye fezi moja aweke juu ya mashine taa nyingine isiyopepesa.