Miaka mitatu iliyogeuka kumi: maisha ya mtoto ndani ya bwato la matanga

Siku zote ukurasa wetu unasema juu ya mishahara, viatu vya kazi na karatasi za munganga. Leo tunaacha mgodi kidogo, tunaenda baharini. Musishangae. Habari hii ni ya watoto, na kila mara tukifanya mkutano wa sendika, habari ya watoto ndiyo inatoka mwisho, wakati watu wamekwisha kuchoka na mambo ya falanga: baba amepata kazi fasi ingine, je, watoto wafuate ao wabaki na masomo yao?

Kuko Wazungu wenye desturi moja ambayo kwetu ni ya ajabu. Jamaa inauzisha nyumba, inanunua bwato la matanga, baba, mama na watoto wanaingia, wanakwenda kuzunguka dunia mwaka mmoja, miwili, hata mitano. (Matanga tunayosema hapa si yale ya kilio. Ni vile vitambaa vikubwa vinavyoshika upepo na kusukuma bwato.) Musifikiri wote ni matajiri. Wengi ni mafundi ao walimu waliokusanya falanga kidogo kidogo, na mashini ikikufa wanaitengeneza wenyewe.

Mtoto anaishi namna gani humo? Bwato la jamaa mara nyingi lina urefu wa mita 12, upana mita 4 hivi: jikoni, vitanda, choo, vyote pamoja. Mtoto mdogo anavaa mukaba kifuani wenye kamba, na kamba inafungwa kwenye bwato, sababu mtu akianguka usiku katika maji makubwa, kumuona tena ni bahati. Maji ya kunywa yanapimwa. Sahani zinaoshwa na maji ya chumvi. Usiku lazima mtu mmoja abaki macho, wanapokezana kila saa tatu ao nne, kama sisi tunavyopokezana posti, na mtoto akikomaa kidogo naye anapewa zamu yake. Kutoka visiwa vya Canaries mpaka visiwa vya Antilles ni karibu majuma matatu bila kuona udongo.

Na masomo? Asubuhi, juu ya meza ile ile ya kula. Jamaa nyingi za Ufaransa wanaandikisha watoto wao kwenye CNED, shule ya serikali inayofundisha kwa mbali, iliyoanza mwaka 1939 wakati wa vita. Zamani vitabu na kazi za mtoto vilipita kwa posta, leo vinapita kwa intaneti. Tuseme haki: mtoto wa namna hii anajifunza mengi. Anajua kusoma karta, anajua upepo, anaweza kufungua pompi na kuirudisha, anasalimia watu katika luga tatu. Kitu anachokosa ni rafiki. Bwato linafika bandarini, mtoto anapata mwenzake wa kucheza naye, siku kumi zinapita, baba anavuta nanga.

Tuna mifano miwili inayojulikana sana, na hailingani hata kidogo.

Wa kwanza ni Suzanne Heywood, Mwingereza, wakati ule akiitwa Suzanne Cook. Maisha yake ameyaeleza mwenyewe katika kitabu Wavewalker, kilichotoka mwaka 2023, na Wavewalker lilikuwa jina la bwato lao. Mwaka 1976 alikuwa na miaka saba. Baba yake, Gordon Cook, alitaka kufuata njia ya safari ya tatu ya kapiteni James Cook, yule wa zamani aliyetoka Plymouth mwaka 1776 na kuuawa Hawaii mwaka 1779. Miaka 200 kamili ilikuwa imepita. Baba akasema safari itachukua miaka mitatu. Wakatoka Plymouth: baba, mama, Suzanne na nduku yake mdogo Jon.

Walishuka mpaka Afrika ya Kusini, kisha wakaingia Bahari ya Hindi kwa upande wa chini kabisa, kule ambako upepo hauna mulima wa kuuzuia. Mnamo mwanzo wa mwaka 1977 wimbi moja kubwa likapiga bwato. Suzanne, aliyekuwa chini ndani ya chumba, akarushwa huku na huku. Mfupa wa kichwa ukapasuka, pua ikavunjika. Bwato nalo lilitobolewa, maji yakaingia, watu wakapiga pompi bila kupumzika. Baba alitafuta kisiwa kimoja kidogo sana kwenye karta, bila mashini za leo zinazomwonyesha mtu pahali alipo, na siku tatu nyuma ya wimbi lile akakiona.

Kisiwa hicho kinaitwa Amsterdam. Jina ni la Waholandi lakini kisiwa ni cha Ufaransa, na wanaoishi pale ni watu wachache tu wa kazi ya utafiti. Pana kilomita maelfu mpaka udongo wa Afrika, na maelfu mengine mpaka Australia. Bahati yao, pale palikuwa munganga. Damu ilikuwa imejikusanya katika kichwa cha mtoto, lazima itolewe. Suzanne anasema alipasuliwa mara saba, bila dawa ya kulalisha. Mtoto wa miaka saba. Sisi tuliokwisha kubeba watu kutoka chini ya mgodi tunajua mutu muzima analia namna gani mfupa ukishikwa. Hatuna la kuongeza.

Kisha bwato likatengenezwa, safari ikaendelea. Walifika Hawaii, kazi ya kapiteni Cook ikaisha. Lakini hawakurudi nyumbani. Ile miaka mitatu ikageuka kumi, na njia yote, kwa hesabu yake, ilikuwa maili za baharini 47,000, maana yake zaidi ya kilomita 80,000. Ili kupata falanga za kuendesha bwato, wazazi walipokea abiria wa kulipa. Nani aliwapikia abiria? Nani alisafisha? Mama na Suzanne. Jon, kwa kuwa ni kijana mwanaume, alikwenda juu kufanya kazi na baba, na msichana akabaki jikoni. Tunaona mama wengi wanaosoma hapa wanatikisa kichwa, hilo halihitaji bahari kulijua.

Sisi wa sendika tunasoma habari hiyo na macho yetu. Mtoto anapikia watu wanaolipa, siku nyingi, na mwenyewe halipwi na hasomi: kwetu hiyo inaitwa kazi. Haijalishi kama dirisha linaonyesha bahari ya Polynesia ao linaonyesha vumbi la karyeri.

Masomo alikuwa akiyaomba mwenyewe. Alipokuwa na miaka kama 13 akajiandikisha kwenye shule ya posta ya Queensland, Australia. Alisoma ndani ya chumba chake huku bwato likiyumba, akatuma kazi zake kutoka bandari moja na kungojea majibu katika bandari ingine. Alipofika miaka 16, wazazi wakamuacha New Zealand na Jon, katika nyumba ndogo kando ya ziwa karibu na Rotorua, wao wakarudi baharini. Jon akaingia shule, Suzanne akamtunza na kuendelea peke yake na vitabu vya posta. Akaandikia iniversité za mbali. Oxford ikajibu: njoo tukuone. Akapanda ndege peke yake mpaka Uingereza, nchi aliyoiacha akiwa na miaka saba, wakampokea. Alisoma elimu ya wanyama, nyuma akapata doctorat Cambridge, na leo ni mutu mkubwa wa biashara.

Wengine wanasema: munaona, bahari ilimfanya kuwa na nguvu! Sisi hatukubali. Alifaulu ju ya kichwa chake na ubishi wake, na kwa kila mmoja aliyefaulu namna hiyo, hatujui ni wangapi walibaki jikoni.

Mfano wa pili ni Laura Dekker, na hapa mambo yanageuka. Laura alizaliwa New Zealand mwaka 1995, wazazi wake wakiwa safarini na bwato. Baba Mholandi, mama Mjerumani. Miaka mitano yake ya kwanza ilipita baharini, na waliporudi Uholandi mtoto aliona udongo kama kifungo. Akiwa na miaka 13 akasema: nitazunguka dunia peke yangu. Baba akamkubalia. Serikali ikakataa. Mwezi wa nane 2009 tribinali ya Utrecht ikamweka chini ya uangalizi wa watu wa serikali wanaolinda watoto. Mwezi wa kumi na mbili akatoroka, akapatikana kisiwa cha Sint Maarten, akarudishwa. Waliomzuia walikuwa na sababu: mtoto peke yake hawezi kubaki macho usiku wote majuma mazima, na Uholandi masomo ni lazima.

Mwezi wa saba 2010 tribinali ingine, ya Middelburg, ikamfungua. Alikuwa amepata bwato kubwa zaidi, Guppy, la mita 12 hivi, amelitengeneza pamoja na baba yake, na amejiandikisha katika shule ya mbali. Alitoka Gibraltar tarehe 21 Agosti 2010. Alipita Panama, Tahiti, Fiji, Darwin, Durban, Cape Town, na tarehe 21 Januari 2012 akafunga safari Sint Maarten, na miaka 16. Kabla yake hakuna mtoto mdogo hivyo aliyezunguka dunia peke yake na bwato.

Tulibishana sana juu ya watoto hawa wawili katika ofisi yetu. Mmoja wetu anaona Laura ndiye alikuwa katika hatari kubwa kuliko Suzanne, na serikali ilikuwa na haki mpaka mwisho. Mwingine anasema hapana, Laura aliulizwa, alisema mbele ya jaji, baraza zima lilimsikiliza, wakati Suzanne aliomba shule miaka na miaka na hakuna mutu wa kumwendea. Bwato likitoka bandarini, hakuna inspekteri, hakuna jaji, hata shangazi hakuna. Sisi wengi tuko upande wa huyu wa pili. Tena mwaka 1976 mapatano ya dunia juu ya haki za mtoto hayakuwapo bado. Yalitoka mwaka 1989, na kifungo cha 12 kinasema mtoto mwenye akili ya kutoa wazo lake asikilizwe katika mambo yanayomgusa.

Na kwetu? Bahari hatuna, lakini kuhama tunajua. Baba anasikia kuna mshipa mpya wa madini, anabeba jamaa kutoka karyeri moja mpaka ingine katikati ya mwaka wa masomo, anasema ni miezi mitatu paka. Miezi mitatu inakuwa miaka. Mtoto anaosha mawe mtoni, msichana anapikia wachimbaji. Katiba yetu, kifungo cha 43, inasema masomo ya msingi ni lazima, na katika shule za serikali ni bure. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda mtoto. Karatasi hizo ziko, na ofisini tuko nazo kwa kila anayetaka kuzisoma.

Kwa jamaa zinazojitayarisha kuhama sasa: mwaka wa masomo unaisha mwanzo wa mwezi wa saba. Kama baba hawezi kungoja, atangulie peke yake. Kama lazima wote waende, mupite kwanza kwa mkuu wa shule, mumuombe bulletin ya mtoto na karatasi inayoonyesha darasa alilofikia, zote na kashe, sababu bila hizo shule mpya inaweza kumrudisha nyuma. Kabla ya kufunga mizigo, muulize mtoto mwenyewe anataka nini. Akiwa na shangazi ao tate anayeweza kumuweka mpaka mitihani, mujue kwamba wajumbe wetu wamekwisha kusaidia jamaa kupanga hivyo, na mlango wa ofisi uko wazi kila siku ya posho mchana.