Kabla ya Kushusha Giaboksi

Ndugu msikilizaji, gari la otomatiki likigoma kubadili gia, mafundi wengi hukimbilia kusema giaboksi imekufa. Mimi nasema, tusiizike kabla ya kuipima.

Kompyuta ya gari huhitaji kujua kasi ya mzunguko wa injini. Sensa isipoleta taarifa hiyo, kompyuta huweza kushikilia gia moja ili kuilinda giaboksi. Basi mwombe fundi asome namba za hitilafu. P0725 humaanisha taarifa ya mzunguko wa injini ina kasoro. Lakini haisemi sensa ndiyo mbovu. Akague plagi na waya kwanza, kisha apime sensa yenyewe.

Kuunga waya ni kazi ndogo. Giaboksi ni mshahara wa miezi kadhaa. Tukutane juma lijalo.