Waliopandikizwa moyo waweza kufanya mazoezi nyumbani

Na Mwandishi Wetu

MGONJWA aliyepandikizwa moyo hutoka hospitalini na moyo wenye nguvu ndani ya mwili dhaifu. Misuli yake imesinyaa kwa kuugua muda mrefu, na dawa za steroidi, zinazosaidia kuzuia mwili usiukatae moyo mpya, nazo hudhoofisha misuli na mifupa. Ndiyo maana mazoezi huhesabiwa kuwa sehemu ya tiba.

Hata hivyo, upasuaji huo hufanywa katika hospitali chache, na wagonjwa wengi huishi mbali nazo. Aidha, dawa wanazotumia hupunguza kinga ya mwili, hivyo msongamano wa watu ni hatari kwao. Janga la corona lilipofunga vituo vingi vya mazoezi mwaka 2020, huduma ya mbali ilipata msukumo mkubwa.

Utaratibu wake ni huu: mgonjwa hupimwa kwanza hospitalini na kupangiwa kiwango cha mazoezi. Akiwa nyumbani, hutembea au huendesha baiskeli ya mazoezi mbele ya kamera ya simu au kompyuta, huku mtaalamu akimwangalia na kupokea vipimo vya shinikizo la damu na mapigo ya moyo.

Lakini mapigo pekee hayatoshi kuwa mwongozo. Wakati wa upandikizaji, neva zinazouongoza moyo hukatwa. Kwa sababu hiyo, moyo mpya hupiga takribani mara 90 hadi 110 kwa dakika hata mtu akiwa amepumzika. Mazoezi yanapoanza, mapigo hayapandi upesi. Husubiri adrenalini iletwe na damu. Yakiisha, huchelewa kushuka. Ni lazima basi kuanza polepole na kumaliza polepole.

Badala ya kutegemea mapigo, mgonjwa huulizwa anavyojisikia, kwa kutumia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, chenye alama 6 hadi 20. Mara nyingi huelekezwa abaki kati ya 11, yaani kazi nyepesi, na 13, yaani ngumu kiasi.

Kukatwa kwa neva kuna hatari nyingine: moyo ukikosa damu, huenda mgonjwa asihisi maumivu ya kifua. Kwa hiyo akipatwa na kizunguzungu, homa, kuvimba miguu au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, aache mazoezi na kuwasiliana na daktari mara moja. Pia asinyanyue vitu vizito katika wiki za mwanzo, kabla mfupa wa kifua haujaunga.

Louis Washkansky, mtu wa kwanza kupandikizwa moyo wa binadamu mwingine, mjini Cape Town, Afrika Kusini, Desemba 3, 1967, aliishi siku 18 tu. Leo zaidi ya nusu ya wanaopandikizwa huishi zaidi ya miaka 10, na miaka hiyo yahitaji miguu yenye nguvu ya kutembea.