Matendo Yanapoitangulia Imani: Haja Tatu Zinazoongoza Kauli za Mtu

Aghalabu watu huamini kwamba matendo hutokana na imani, yaani kwamba mtu kwanza hukata shauri moyoni juu ya jambo alionalo jema, kisha ulimi na mikono yake ikafuata. Saikolojia jamii, ambayo ni taaluma inayochunguza jinsi fikra, hisia na mwenendo wa mtu unavyoathiriwa na kuwapo kwa watu wengine, imekusanya kwa zaidi ya miaka 60 ushahidi kwamba mambo huweza kwenda kinyume: mtu hutenda au husema kwanza, halafu imani yake ikajongea mpaka ikafika pale lilipo tendo. Kwa muda mrefu wataalamu hawakubishana sana juu ya kuwapo kwa jambo hilo. Walichobishania ni sababu yake, na katika mabishano hayo zilijitokeza haja tatu za binadamu, nazo ni haja ya kulingana na nafsi yake, haja ya kujithamini, na haja ya kuonekana vyema mbele ya wenzake.

Msingi wa mabishano hayo ni jaribio lililofanywa katika Chuo Kikuu cha Stanford, jimboni California, ambalo Leon Festinger na Merrill Carlsmith walilichapisha mwaka 1959. Wanafunzi wa kiume walipewa kazi iliyokusudiwa kuchosha: kwa nusu saa walipanga vibiringo 12 kwenye sinia kwa mkono mmoja, wakaviondoa na kuvipanga tena, na kwa nusu saa nyingine walizungusha vigingi 48 vya mraba, robo mzunguko kila kimoja, bila kuelezwa faida yoyote ya kazi hiyo. Baadaye baadhi yao waliombwa wamwambie msichana aliyekuwa akisubiri zamu yake kwamba kazi ile ilikuwa ya kufurahisha, na kwa uongo huo nusu yao waliahidiwa dola 1, wengine dola 20, kiasi ambacho kwa mwanafunzi wa wakati ule kilikuwa kikubwa. Mwishowe wote walihojiwa na mtu mwingine, kana kwamba mahojiano hayo hayakuhusiana na jaribio, wakatakiwa kuipima kazi ile kwa kipimo kilichoanzia tano chini ya sifuri hadi tano juu yake.

Wanafunzi ambao hawakuombwa kusema uongo waliipa kazi hiyo wastani wa -0.45, na waliolipwa dola 20 hawakuwa mbali nao, kwani wastani wao ulikuwa -0.05. Waliolipwa dola 1 ndio waliopanda hadi 1.35, yaani waliona kwamba kazi waliyoisifu kwa ujira mdogo ilikuwa na raha yake kweli. Matokeo hayo yaliwashangaza wengi, kwa sababu saikolojia iliyotawala Marekani zama hizo ilifundisha kwamba kadiri malipo yanavyokuwa makubwa ndivyo mtu anavyozidi kulipenda jambo lililomletea malipo hayo.

Festinger alikuwa na maelezo tayari, kwa kuwa miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1957, alikuwa amechapisha nadharia ya mgongano wa fikra. Kwa mujibu wa nadharia hiyo, mtu anapokuwa na mawazo mawili yasiyopatana, kwa mfano kwamba kazi ilimchosha na kwamba amemwambia mwenzake kuwa inafurahisha, hupatwa na fadhaa ya ndani inayomsukuma atafute njia ya kuyapatanisha. Aliyelipwa dola 20 alikuwa na udhuru wa kutosha, maana aliweza kujiambia kwamba alisema vile kwa ajili ya fedha, ilhali aliyelipwa dola 1 hakuwa na udhuru wa maana, na kwa kuwa maneno yaliyokwisha kutamkwa hayarudi kinywani, kilichobaki kubadilika ni maoni yake juu ya kazi yenyewe. Ni mantiki ile ile ya sungura wa hadithi aliyeshindwa kuyafikia matunda akayaita mabichi, ila kwa binadamu jambo hili halina budi kufanyika bila yeye mwenyewe kulitambua, la sivyo halimtulizi.

Kwamba fadhaa hiyo si neno tupu la kinadharia kulionyeshwa na Mark Zanna na Joel Cooper mwaka 1974. Wanafunzi walimezeshwa kidonge kisicho na dawa yoyote, kisha wakaandika hoja zinazopingana na msimamo wao. Wale walioambiwa kwamba kidonge huleta wasiwasi hawakubadili maoni, kwa sababu waliidhania fadhaa yao kuwa imetokana na kidonge, ilhali walioambiwa kwamba kidonge hutuliza walibadilika zaidi, maana walijihisi wamefadhaika licha ya kumeza kitu cha kuwatuliza. Matokeo hayo yalimjibu kwa sehemu Daryl Bem, ambaye mwaka 1967 alidai kwamba fadhaa haihitajiki kabisa, na kwamba mtu huyajua maoni yake kwa kutazama matendo yake mwenyewe kama vile jirani angeyatazama.

Hata hivyo, wapo walioona kwamba Festinger ameupa uzito mno ulinganifu wa mawazo na kumsahau mwenye mawazo hayo. Elliot Aronson, aliyekuwa mwanafunzi wake, alieleza kwamba mawazo mawili yanayopingana hayamsumbui mtu mpaka yaguse sura aliyo nayo juu ya nafsi yake. Kwa maelezo haya, mwanafunzi wa Stanford hakusumbuliwa na tofauti kati ya kazi na maneno, bali alisumbuliwa na kwamba yeye, anayejihesabu kuwa mtu mwema na mkweli, amemdanganya mwenzake kwa dola 1. Claude Steele alikwenda mbali zaidi katika miaka ya 1980, akasema kwamba anachotafuta mtu ni kubaki na thamani yake machoni pake mwenyewe, hivyo akipata njia nyingine ya kujithibitishia thamani hiyo, mgongano wenyewe unaweza kuachwa bila kusuluhishwa. Katika jaribio lake moja washiriki walichagua kati ya sahani mbili za muziki walizozipenda karibu sawa, na kama ilivyotarajiwa wengi wao baadaye waliisifu zaidi ile waliyoichukua na kuishusha ile waliyoiacha. Washiriki waliothamini sana sayansi, walipovishwa koti jeupe la maabara, hawakuona haja ya kufanya hivyo, kwani koti lilitosha kuwakumbusha jambo walilojivunia.

Kutokana na hoja hizo ingekuwa rahisi kudhani kwamba kujithamini ni dawa ya kila kasoro ya mwenendo, na dhana hiyo imewahi kugeuzwa kuwa sera. Morris Rosenberg alikuwa amekwisha kutunga, mwaka 1965, kipimo cha kauli 10 kinachotumika hadi leo kupima jinsi mtu anavyojithamini, na mwaka 1986 jimbo la California likaunda jopo la kukuza kujithamini kwa matumaini kwamba kungepunguza uhalifu, ulevi na kushindwa masomoni. Roy Baumeister na wenzake walipoyapitia matokeo ya tafiti nyingi mwaka 2003, waligundua kwamba kujithamini kunaambatana na furaha na uthubutu wa kuanza jambo, lakini hakukuwa na ushahidi wa kutosha kwamba humfanya mwanafunzi afaulu au humzuia kijana asivute sigara. Ilielekea zaidi kwamba kufaulu ndiko kunakozaa kujithamini, na anayesifiwa pasipo kutenda la kusifiwa hupata raha ya muda tu.

Maelezo ya tatu yanaitazama hadhira. Erving Goffman, mwanasosholojia aliyezaliwa Kanada, alikuwa ameonyesha katika miaka ya 1950, baada ya kuishi katika jamii ya kisiwa kidogo huko Shetland, Uskoti, kwamba mtu mbele ya wenzake huchagua la kuonyesha na la kuficha ili wampe hadhi anayoidai, na kwamba wenzake nao humsaidia kwa kujifanya hawaoni pale anapoteleza. James Tedeschi na wenzake waliichukua hoja hiyo mwaka 1971 wakaitumia kulifafanua upya jaribio la Stanford: pengine wanafunzi wa dola 1 hawakubadili maoni yao hata kidogo, ila walikataa kuonekana vigeugeu mbele ya watafiti. Ili kuthibitisha hilo, waliwafunga washiriki wa majaribio mengine kwenye mashine waliyoambiwa kuwa huyasoma maoni ya kweli ya mtu, na mabadiliko ya maoni yakapungua, kwa sababu anayeamini kwamba siri yake inaonekana hana faida ya kuificha.

Lakini hoja hiyo pia ina mpaka wake. Mwaka 1996 Eddie Harmon-Jones na wenzake waliwapa washiriki kinywaji kilichotiwa siki, wakawaomba waandike kwamba ni kitamu, kisha waikunje karatasi na kuitupa, wakiwa peke yao na bila jina kujulikana. Hapakuwa na wa kumfurahisha wala wa kumdanganya, na bado walioandika kwa hiari yao walikipenda kinywaji hicho zaidi kuliko walioamriwa kuandika. Ipo basi hadhira moja ambayo haiondoki hata watu wote wakiondoka, nayo ni mtu mwenyewe.

Uzito wa kila haja kati ya hizi tatu hutofautiana kwa malezi na mazingira. Steven Heine na Darrin Lehman walieleza mwaka 1997 kwamba Wakanada walitetea sahani za muziki walizozichagua ilhali Wajapani hawakufanya hivyo, ila mwaka 2004 Shinobu Kitayama na wenzake walionyesha kwamba Wajapani nao hutetea uchaguzi wao inapowekwa mbele yao picha ya nyuso zinazotazama. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2024, ukihusisha maabara 39 katika nchi 19, umezidi kuhimiza tahadhari: walioandika hoja za kupinga msimamo wao walibadilika kiasi, lakini kupewa hiari ya kuandika au kulazimishwa hakukuleta tofauti iliyotabiriwa na nadharia. Jengo la Festinger halijabomoka kwa hilo, ila nguzo yake moja inahitaji kukaguliwa upya.

Kwa msomaji wa kawaida, funzo lililo dhahiri ni kwamba ujira mdogo na ahadi ndogo zina nguvu kuliko zinavyoonekana. Mwaka 1966 Jonathan Freedman na Scott Fraser waliwaomba wakazi wa California waruhusu bango kubwa lisilopendeza la usalama barabarani lisimikwe mbele ya nyumba zao, na asilimia 17 tu wakakubali; miongoni mwa waliokuwa wamekubali kwanza kibandiko kidogo cha ujumbe huo huo, asilimia 76 walikubali. Wafanyabiashara, wanasiasa na matapeli wanaijua njia hiyo, na anayeombwa jambo dogo ana haki ya kujiuliza linafuatwa na lipi. Vilevile, anayetaka mwenzake akiri kosa asianze kwa kumvunjia heshima, maana aliyevunjiwa heshima hulitetea kosa lake kwa nguvu zaidi. Amwonyeshe kwanza kwamba thamani yake haitegemei kosa lile, kisha amwachie nafasi ya kulikiri bila kuaibika hadharani. Na kila mtu, anapoona anakitetea kwa ukali kitu alichokipata kwa bei ndogo, ajiulize kama anakitetea kwa sababu ni chema au kwa sababu amekwisha kukisifu.